Hesabu ya Bahasha ya Bibi

Wifi yangu alifundisha darasa la kwanza kwa miaka ishirini na saba, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kutoka darasani kabla ya kengele ila mara moja. Siku hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza, siku ambayo hesabu ya kitoto ilitaka kumuua bibi wa watu. Nilikuwepo, nilikimbia naye, na hofu niliyoiona usoni mwake sijaiona kwa mtu mwingine, hata misibani.

Niseme wazi kwamba mimi naye hatukuwa tukipendana sana. Ni dada mkubwa wa mume wangu. Alinipokea katika ukoo wao kama mwalimu anavyompokea mwanafunzi wa kuhamia: alinitazama kuanzia utosini hadi visiginoni, akauliza kama najua kuosha sufuria. Miaka kadhaa baadaye nikapangiwa shule yake, darasa la pili, chumba kinachofuata na chake. Mume wangu alipopata habari alicheka mpaka akapaliwa. Kati yangu na wifi kulikuwa na ukuta wa mbao nyembamba usiofika juu, kwa hiyo kila alichosema nilikisikia, na kila nilichokosea alikisikia yeye. Wakati wa mapumziko alikuwa hakosi kunikumbusha.

Wanafunzi walimwita Mwalimu Vizibo, kwa sababu ya kopo la maziwa ya unga alilolijaza vizibo vya soda. Kila asubuhi, kabla hata mtoto hajatua mkoba, ilikuwa ni hesabu ya nyumbani. Mtoto mmoja anaitwa mbele aseme hesabu aliyoiona kwao: sahani mbili mezani na mbili kwenye beseni, viatu vya baba na vya kaka. Anaiandika ubaoni, wenzake wanaipanga kwa vizibo juu ya madawati, wanahesabu kwa sauti, na wifi anatia vema kwenye daftari la mhusika kwa kalamu nyekundu. Halafu makofi matatu. "Ukitoka kwenu bila hesabu," alikuwa akiwaambia, "umetoka bila kunawa uso."

Nilimtania siku moja, "Wifi, watoto wako hawa watahesabu mpaka kope za mama zao."

"Na wakifika kwako, wifi," akanijibu bila kunitazama, "wanasahau hata vidole vyao ni vingapi."

Baada ya hesabu ilikuja kusoma, na baada ya mapumziko, kuandika. Katika kusoma alikuwa na neno lake moja, na neno hilo lazima nilitaje kwa sababu baadaye lilimgeuka. Alisema, "Msisome hapa tu. Someni na nyumbani. Karatasi ya sabuni, ya unga, ya dawa, yoyote. Kama mama hasomi, msomee." Mtaa wetu una wazazi wengi waliokosa shule, na watoto walilichukua neno hilo kwa uzito wote. Utamkuta mtoto wa miaka sita amesimama mlangoni pa duka anausomea ukoo mzima bei ya kiberiti.

Aliyelichukua kuliko wote ni binti mmoja tuliyemwita Pengo. Meno manne ya mbele yalimtoka ndani ya wiki mbili, na akisoma herufi "s" ilitoka na upepo wa filimbi. Alikuwa wa kwanza darasani kusoma ukurasa mzima peke yake. Kwao walikuwa watatu: yeye, mama yake anayefanya kazi kiwanda cha sabuni, na bibi yake mzaa mama. Kati ya hao watatu msomaji alikuwa yeye tu. Mama mtu aliwahi kuja hadi getini kumshika wifi mikono yote miwili na kumwambia, "Mwalimu, nyumba yangu sasa ina macho." Wifi aliyasimulia hayo nyumbani kwetu kwa wiki nzima. Tulikoma.

Jumatatu ile Pengo ndiye aliyeitwa mbele. Nilikuwa upande wangu nawagawia wangu madaftari. Nikasikia chaki inakwaruza, nikasikia filimbi yake ikisema, "Moja na tatu, nne." Nikasikia vizibo vinagonga madawati: kimoja, halafu vitatu, halafu darasa zima, moja, mbili, tatu, nne! Wifi akasema, "Vizuri sana. Lakini alama yako imelala ubavu, mama. Ndiyo kusema imechoka? Iinue isimame." Watoto wakacheka. Makofi matatu. Nami nikaendelea na yangu.

Yalipita masaa ya kusoma, wakatoka mapumziko, wakarudi na vumbi lao. Ikaja kuandika. Siku hiyo aliwaambia kila mmoja aandike sentensi moja ya jambo lililotokea kwao, kisha alipita dawati kwa dawati. Mimi nilikuwa ubaoni kwangu, naandika hesabu za kuzidisha, maana kuzidisha kunaanza la pili. La kwanza hawakijui kitu hicho. Wanajua kujumlisha na kutoa, basi.

Ghafla upande wa pili ukawa kimya. Nilidhani mwalimu mkuu ameingia. Kisha nikasikia sauti ya wifi, ndogo, ambayo sikuwa naijua.

"Umeandika nini hapa?"

"Bibi anameza dawa nne," alisoma Pengo.

"Nne kwa siku?"

"Nne jioni, nne asubuhi, nne mchana. Mwalimu, si ile hesabu ya leo? Imeandikwa kwenye bahasha ya bibi. Umenitilia vema."

Nilikuwa na chaki mkononi na mbele yangu ubaoni nimeandika alama ya kuzidisha. Niliitazama. Ni msalaba uliolala ubavu, wala si kitu kingine. Nikaelewa kabla hata sijatoka mlangoni.

Bahasha za dawa mnazijua. Mwenye kutoa dawa anaandika moja, anapiga msalaba, anaandika tatu, na maana yake ni kidonge kimoja, kutwa mara tatu. Mtu mzima aliyesoma haoni hata kama hapo pana hesabu. Lakini mtoto wa la kwanza anayejua kujumlisha tu, tena aliyeambiwa asome kila karatasi kwao, anaona moja, anaona alama, anaona tatu. Akahesabu vidole, akapata nne. Na wifi si kwamba hajui kuzidisha. Anajua vizuri. Ila mtu aliyewanyooshea watoto misalaba iliyolala kwa miaka ishirini na saba hasomi tena kilichoandikwa, anasoma alichozoea.

Nilipoingia kwake alikuwa amechuchumaa mbele ya Pengo, amemshika mabega. Uso wake ulikuwa umekuwa wa majivu.

"Dawa za nini, mama?"

"Bibi alianguka Jumamosi, akaumia nyonga. Jana mchana jirani alimpeleka kituo cha afya, wakampa vidonge vya kutuliza maumivu, wakasema ameze asubuhi, mchana na jioni. Jana jioni mama aliniambia nisome. Nikasoma, mama akahesabu nne, akampa."

"Na leo asubuhi?"

"Bibi hakutaka kuamka. Mama alimkalisha akammezesha, akalala tena. Anakoroma sana tangu jana." Pengo alisema hayo kwa furaha, kama anayetoa majibu sahihi mfululizo. "Za saa sita nimemwekea kwenye kisosi, na kikombe cha maji. Redio ikisema saa sita atameza mwenyewe."

Wifi alitazama saa yake ya mkononi. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini na tano. Alisimama kwa kushika dawati.

"Mama yako ana simu?"

"Wanaziacha getini kiwandani."

"Bibi?"

"Hana."

Nilisema, "Wifi, twende." Sijui kwa nini nilisema "twende" na si "nenda". Naona niliogopa kumwacha aende peke yake na uso ule. Tulimkuta mwalimu mkuu barazani. Ni mtu wa taratibu, ukiomba ruhusa anataka barua. Alianza kuuliza nani kampa wifi kibali cha kuacha darasa, na wifi akamtia kopo la vizibo kifuani. "Wahesabishe," alimwambia. Alibaki amelikumbatia kopo, ana watoto tisini na wawili wa kuwashika, na sisi tukawa tumeshafika getini.

Kwa miguu ya mtoto, kwao Pengo ni mwendo wa nusu saa. Sisi tulikimbia, wanawake wawili wazima wenye viatu vya kazini, na mtoto katikati tumemshika mkono huku na huku. Tulipita gereji, tukapita wauza vipuri, tukakata uchochoro wa mafundi magodoro ambako sponji zimeanikwa ukutani. Watu walitupisha. Mmoja aliuliza, "Kuna nini, walimu?" Tulimpita. Wifi alikuwa anahema kwa mlio na kila baada ya hatua kadhaa anasema, "Nimemwambia asome ya dawa. Nimemwambia kwa mdomo wangu." Nilitaka kumwambia anyamaze asimtishe mtoto. Nikamtazama Pengo, nikaona ameshatishika. Alikuwa amefumba mdomo na macho yamemtoka.

"Mwalimu," alisema, "nimekosa hesabu?"

Tuliongeza mwendo.

Kwenye kibanda cha kinyozi redio ilikuwa imewashwa. Tulipokuwa tunaipita ndipo ilipotoa ile milio yake ya saa. Sijawahi kuichukia redio kama siku ile. Nilijikuta naomba kwa sauti, mimi ambaye huomba kimoyomoyo, kwamba bibi awe kiziwi, awe amesahau, awe ametoka kwenda kwa jirani na nyonga yake hiyo mbovu.

Chumba chao kilikuwa cha mwisho katika safu ya vyumba sita, mlango umefungwa kwa waya kwa ndani. Pengo alipitisha mkono kwenye tundu la ubao, akaufungua. Ndani kulikuwa na kitanda kimoja, meza, ndoo mbili zilizofunikwa, nguo zimekunjwa juu ya sanduku. Bibi alikuwa kitandani, chali, mdomo wazi. Hakuwa anakoroma, na kimya kile kilinitisha kuliko mkoromo wowote.

Wifi alimwita. Alimtikisa. Alimfinya sikio kwa nguvu, kama nilivyowahi kumwona akimfinya mtoto mtundu, na bibi hakukunja hata uso. Akaweka nyuma ya mkono wake chini ya pua ya bibi, akasubiri.

"Moja," alisema.

Tulisubiri. Mimi nilikuwa nahesabu kichwani nikisubiri yeye aseme mbili. Nilifika saba. Nilifika tisa. Nilipofika kumi na moja ndipo aliposema, "Mbili," na machozi yakamtoka hapo hapo.

Nikasikia kisosi kinagonga meza. Pengo alikuwa amekichukua. Vidonge vinne vilikuwa bado humo, maana bibi alikuwa amelala mno hata redio ya jirani haikumfikia. Mtoto alikuwa amevimimina kiganjani, na mkono wa pili ameshika kikombe cha maji, anakuja kitandani.

"Hajameza," alisema. "Saa sita imepita, mwalimu. Nimpe?"

Wifi alipiga ukelele. Alimpiga mtoto mkono, vidonge vikaruka, kikombe kikavunjika, maji yakatapakaa miguuni mwetu. Pengo hakulia. Alisimama palepale na kiganja wazi.

Sikuwa na wakati wa kumbembeleza. Nilitoka mbio hadi kwa fundi magodoro wa kwanza, nikamwambia kuna mtu anakufa, na namshukuru yule kijana mpaka leo kwamba hakuuliza swali. Alitupa sponji mbili kwenye mkokoteni wake, tukambeba bibi, mwepesi kama mzigo wa nguo, tukamlaza. Fundi alisukuma. Wifi alikimbia ubavuni amemshika bibi kidevu, anahesabu pumzi kwa sauti njia nzima. Kila akikawia kutaja namba inayofuata, fundi aliongeza mwendo. Pengo alikuja nyuma amening'inia kwenye gauni langu, na bahasha ya dawa mkononi. Hakuna aliyemwambia aichukue.

Kituo cha afya walimpokea haraka. Nesi alikuwa mwanamke mkavu, asiye na maneno mengi. Alifunua kope za bibi, akaita mwenzake, wakaleta hewa na sindano. Kisha akageuka.

"Amemeza ngapi?"

"Nane," alisema wifi. "Nne jana jioni, nne leo asubuhi."

"Nani aliwaambia nne?"

Nilimwona Pengo anafungua mdomo. Wifi alimtangulia.

"Mimi," alisema. "Mimi ndiye mwalimu."

Haikuwa kweli, kwa hesabu kamili. Zile nane zilikuwa tumboni kabla vema haijatiwa. Kwa kawaida mimi simwachii wifi yangu kosa lipite, lakini siku ile niliona aibu ya miaka yote niliyokuwa nimemwona mwenye makuu. Nilimshika kiuno nikamkalisha kwenye benchi.

Tulikaa hapo toka mchana hadi jua lilipoanza kupungua makali. Nilituma ujumbe kwa mlinzi wa kiwanda. Akajibu kwamba mtu hatolewi kwenye mashine mpaka zamu iishe. Wifi hakunywa hata maji. Kila mlango ulipofunguliwa alisimama, na kila ulipofungwa aliketi. Wakati mmoja aliniuliza, kwa sauti ya chini, "Wangapi, wifi? Miaka ishirini na saba. Wangapi wengine niliowaambia wakasome dawa za watu?" Nilikuwa nawaza watoto wangu wa la pili, na siku zote nilizowafundisha msalaba ule uliolala kwa machungwa na mafungu ya nyanya bila hata siku moja kuwaonyesha bahasha. Hofu yake ikaniingia na mimi, na haikutoka.

Mnamo saa kumi nesi alitoka, akasema, "Ameamka. Angemeza na zile za mchana, mngekuwa mnaongea na watu wengine, si mimi."

Bibi alikuwa amekalishwa kwa mito miwili. Macho yalikuwa mazito lakini yalituona. Wifi alipiga magoti kando ya kitanda, akaomba radhi, na katika kuomba radhi akaeleza yote, alama, hesabu, vema, kila kitu. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Niliona ni nyingi," alisema. Ulimi bado ulikuwa mzito, maneno yalitoka moja moja. "Jana jioni nilipomeza, kitanda kilizunguka. Nikajua hizi ni nyingi. Lakini mwanangu, mimi hata jina langu siwezi kuliandika. Mtoto kasoma. Mimi nani nibishane na mtu aliyesoma?"

Wifi aliinamisha kichwa juu ya shuka.

Nesi alikuwa na haraka ya wagonjwa wengine. Alisema bibi atalala hapo, na akitoka kesho aanze dawa nyingine, nyepesi. Akachukua bahasha mpya, akaandika kwa mkono wake wa mbio mbio moja, msalaba uliolala, mbili. Akamwekea bibi kiganjani, akaenda zake. Hakuwa na ubaya. Ndivyo anavyoandika kila siku, bahasha mia.

Bibi hakuitazama hata kidogo. Aliinyoosha kwa mjukuu wake, pale alipokuwa amesimama karibu na mlango. Alimchekea kwa upendo, na naamini alitaka kumwondolea hofu.

"Shika, mama. Tusomee. Wewe ndiye msomaji wetu."

Pengo aliweka mikono nyuma. Alirudi hatua moja, akarudi nyingine, mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Mimi sijui kusoma, bibi," alisema.